Fulu Masese

Jumatatu, 10 Juni 2024
Mtafiti wa samaki amefika Muhuru Bay. Dakta Nyamusi. Buti za mpira, mabeseni matatu, kompyuta hakuna. Anasema ziwa letu lina aina za fulu ambazo sayansi bado haijazipa majina. Fulu! Vijisamaki tunavyorushia paka! Tena aina mpya wakati mwingine hupewa jina la aliyeileta. Moyo uliniruka. Mimi Masese sina mtoto, sina ng'ombe, lakini Fulu Masese atabaki hadi kiama. Shida ni Okari, fundi wa injini. Naye amesikia.

Jumanne, 11 Juni
Okari amepeleka fulu kumi na wawili. Wote wanajulikana! Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nimenunua mmoja tu, dume, nikajifungia naye bafuni na rangi ya kucha ya mke wangu Orpah. Mistari mitatu ya zambarau. Alipendeza, wacha tu. Orpah ameuliza kwa nini bafu linanuka saluni. Nimemjibu ni utafiti. Jioni nimempeleka samaki kwa Dakta.

Jumatano, 12 Juni
Ole wangu! Dakta hahutubii kama wasomi wengine. Anamwaga samaki kwenye beseni, anawaita akina mama wanaoanika dagaa wa omena, anawauliza huyu wanamwitaje na wanamtambuaje. Wao wanasema, yeye anaandika. Akianza kueleza, ni kama jirani amepitia chai. Kumbe jike la fulu hulea mayai mdomoni! Hata walevi walisogea karibu. Kwa mara ya kwanza maishani nimemwelewa mtu wa chuo kikuu, na samaki wangu yumo kwenye beseni.

Filister, mmoja wa akina mama hao, ndiye aliyemwinua samaki wangu. Akanusa. Akatangaza kwamba huyu anatoka harusini. Okari alikaa chini kwa kicheko.

Nilingoja kuumbuliwa. Dakta akamgeuza samaki polepole, akasema aliyempamba anajua jambo kubwa: dume la fulu hutambuliwa kwa rangi, hata majike huchagua kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, aina zinachanganyika na nyingine zinapotea. Ufuo mzima ukaguna. Filister akauliza tufanye nini basi. Nilitaka kulia. Amenisitiri mbele ya watu, na papo hapo akawafundisha! Sijaona mtu kama huyu.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeenda kukiri. Alijua tangu jana. Vidole vyangu bado vilikuwa zambarau. Hakunikemea. Ameniomba niende naye ufuo wa Sori nikasimulie kisa chenyewe, eti watu watanisikiliza kuliko yeye. Mimi! Nimemwapia kwamba sitaidanganya sayansi tena. Nimeapa kwa dhati, machozi yakinilengalenga.

Ijumaa, 14 Juni
Dakta anasema mwezi ujao mwenzake anakuja kutueleza kuhusu ndege. Nimeuliza kama ndege nao hupewa majina ya watu. Hupewa!

Nimekuwa nyuma ya nyumba tangu saa tatu asubuhi. Bata wa mama mkwe amependeza sana kwa kijani, ila hataki kutulia mkia ukauke.