Mawimbi ya Silanga

Jumatatu, 12 Mei
Leo safari! Kwaya imenisindikiza mpaka stejini, hapa Kawangware 46. Mama Angeline, mwenyekiti wetu, ameniombea kwa muda mrefu, kisha akanivisha filimbi ya kiongozi. Kazi yangu: kuikagua Mombasa na vijiji vyake kwa siku tano, ili Agosti niitembeze kwaya nzima. Wamenichagua kwa sababu nilisema Mombasa naijua kama kiganja changu. Sijawahi kuvuka Athi River. Lakini Mombasa ni kisiwa! Mtu atapoteaje kisiwani?

Elvis wa sauti ya besi akauliza kama najua treni inaondokea wapi. Wivu mtupu. Mtalii mzoefu haulizi njia.

Jumatatu, baadaye
Treni ya Mombasa haiondokei stesheni ya mjini. Inaondokea Syokimau. Nimejua hayo baada ya kukaa benchi la mjini mpaka nikamaliza mayai yote ya safari. Mlinzi alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Syokimau nimekuta reli tu.

Kurudi nyumbani? Baada ya maombi yote yale? Siwezi! Nimejificha Silanga, Kibera, kwa binamu yangu Wakoli anayelima mboga za sukuma na viazi vya nduma kando ya Nairobi Dam.

Jumatano, 14 Mei
Sina raha. Naingia, natoka. Kwenye grupu la WhatsApp wanataka kuona bahari. Nimezunguka dam nzima nikitafuta maji. Magugu matupu! Mwishowe nimepata kidimbwi cha ukubwa wa meza. Nikachuchumaa, Wakoli akapiga picha: uso wangu, na maji kidogo nyuma ya sikio. Ya kwanza tuliifuta, maghorofa ya Nyayo Highrise yalichungulia begani. Ya pili imependwa sana.

Nikaongeza shamba la Wakoli, nikaandika: mashambani Kwale. Elvis akauliza kama Kwale nako wanapanda nduma. Nimemjibu wanapanda sana. Sijui Kwale wanapanda nini.

Alhamisi, 15 Mei
Mama Angeline ameomba kusikia mawimbi. Hakuna shida! Wakoli ameazima beseni kwa Musimbi, jirani anayeuza makaa. Yeye anatikisa maji, mimi narekodi kwa sauti ya mtangazaji. Chwaa! Chwaa! Musimbi alikuja akifoka sijui nini, lakini nilikuwa nimezama kazini. Nimetuma bila kuisikiliza tena. Kazi safi haihitaji kukaguliwa.

Jumapili, 18 Mei
Nimerudi kanisani na pakiti ya mabuyu niliyonunua sokoni Kawangware, na Kiswahili cha pwani. Nikamwamkia Mama Angeline shikamoo. Akajibu, "Niko poa. Keti."

Elvis akaunganisha simu na spika ya kanisa. Mawimbi yakavuma vizuri, lazima nikiri. Kisha Musimbi: "Wakoli! Rudisha beseni yangu saa hii! Kwani Silanga nzima ni mimi tu mmenizoea?"

Kwaya ilicheka kwa sauti zote nne. Nilitamani sakafu inimeze. Mama Angeline hakucheka. Alisema kila asubuhi wiki hii alipiga magoti akiniombea nisizame. Hilo limeniuma kuliko kicheko chote. Akanyoosha mkono, nikavua filimbi. Sasa anaivaa Elvis, na Agosti yeye ndiye kiongozi. Hata mabuyu wamekula wao.

Jumanne, 20 Mei
Nimepata! Nani kasema lazima Mombasa? Kisumu nayo ina bandari, na vijiji vimeizunguka pande zote. Nimemwandikia Mama Angeline kwamba Kisumu naijua kama kiganja changu, kwamba naenda kuikagua, na filimbi anirudishie nikifika. Hajajibu, lakini amesoma. Hiyo ni nusu ya ndiyo.

Wakoli, ambaye hupanda treni ya Kisumu kila Krismasi, amepiga simu kuniambia inaondokea stesheni ya mjini. Nimemwonea huruma. Mtu wa sukuma ataniambia nini mimi kuhusu treni? Nilikalishwa pale mjini mbele ya mlinzi, nikaaibika, na nimejifunza.

Mayai nimeshachemsha. Ijumaa mapema niko Syokimau.