Siku Kishungi Alipotolewa Nje Kupumua

Jongeeni, mlio na masikio mazima na mnaosikia kwa taabu, wekeni chini sufuria na minong'ono, mpate habari za vita vikuu vilivyopiganwa upande wa Kanja miaka ile ya hali ya hatari aliyoitangaza mkoloni, watu walipong'olewa mashambani kwao wakarundikwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki la miiba, vibanda vimebanana kama meno mdomoni. Serikali haikuviandika vita hivyo. Ilikuwa na shughuli nyingine.

Katika kibanda kimoja alikaa Teresia, mwenye mikono ya subira, aliyeona boma lake likichomwa moto akaokoa kimoja tu chenye uhai: Kishungi, mtetea wa kahawia, malkia wa kiota, aliyesafiri ndani ya kiondo huku kichwa kikichungulia nje kama cha bibi harusi. Kule kwao Kishungi alilala kwenye kizimba cha fito, upepo ukipita. Hapa alilala chini ya kitanda, karibu na mafiga yenye kuni mbichi.

Alasiri moja, kafyu imeshaanza na milango yote imefungwa, adui akaingia kooni mwa malkia. Akanyoosha shingo, akaachama mdomo, mkia ukapanda na kushuka kwa kila pumzi, na sauti ikamtoka, khrrr, khrrr, kama mzee mwenye pumu.

Sauti ikapenya ukuta, ikamfikia Kivuti, mlinzi wa zamu, mbeba mkuki, ngome ya lango la mashariki, ambaye utotoni mwake Teresia alimpangusa kamasi nyingi mno. Akasimama mlangoni.

"Cucu," akanguruma, kwani ndivyo kule nyanya anavyoitwa, "humo ndani kuna mwanamume anakoroma. Mtoe kabla sijamwita mkubwa."

"Mwanamume wa mwisho kukoroma kwangu ni babu yako Njue, nasi tulimzika. Ingia uone."

Kivuti akaingia, mkuki mbele, akakutana uso kwa uso na kuku.

"Huyu ni mgonjwa," akatoa hukumu. "Amri ni kwamba kuku mgonjwa achinjwe, asiambukize wengine. Hiyo kazi naweza kukusaidia. Hata na mchuzi."

Teresia hakuwa na kingine kilichobaki kutoka nyumbani. Lakini hakuharakisha. Akampakata malkia, akampekua unyoya kwa unyoya.

"Sogea, mjukuu wangu mwenye mkuki. Yangekuwa mafua, pua ingetoka ute. Hii hapa kavu. Macho yangevimba, haya yanakutazama, tena hayakupendi. Kilemba chake bado chekundu. Asubuhi nilipofungua mlango alipumua vizuri, nilipowasha kuni hizi akaanza. Ni moshi, na uvundo wa mavi yake mwenyewe hapo chini. Dawa yake ni hewa."

"Hewa iko nje. Na nje ni kafyu."

"Hiyo kafyu imetaja kuku?"

Kivuti akafikiri, kazi ambayo hakuandikiwa. "Imetaja watu. Lakini kuku akitoka, kuna mtu atamfuata."

"Basi mtoe wewe. Wewe unaruhusiwa kuwa huko."

Wakatazamana kama majeshi mawili ng'ambo ya mto. Teresia hakuungoja mto ukauke. Akampangusa malkia matundu ya pua kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, akazoa uchafu wa chini ya kitanda, akatandika nyasi kavu kapuni, akamtia humo, akamkabidhi shujaa.

Kivuti akabana mkuki kwapani, akabeba kapu kwa mikono miwili, akaliweka karibu na kibanda cha walinzi, upepo wa mlimani unapopita.

"Hiyo ndiyo chakula ya jioni?" mwenzake Misheck akauliza.

"Huyo ni mgeni wangu. Mguse uone."

Teresia akaweka jicho kwenye ufa wa ukuta. Akaona mkia umetulia. Akaona mdomo umefungwa. Kwenye nyufa za vibanda vingine nako kulikuwa na macho, na habari ikapita ukuta kwa ukuta: anapumua.

Na ijulikane basi kwa vizazi: alasiri ile, katika kijiji kizima kilichofungiwa ndani, mmoja alikuwa nje, akivuta hewa ya mlimani kifua tele, na askari mwenye mkuki amesimama kando yake, akimlinda asisumbuliwe.