Figo Langu kwa Dada Scholastica

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimefika Kilosa mjini kwa dada Scholastica, mwenyekiti wa kwaya yetu. Miaka miwili iliyopita nilimpa figo. Sasa naomba kitu kidogo tu: niwe mwalimu wa kwaya kwenye tamasha la Pasaka huko Mikumi, badala ya yule Makarius. Nikamwamkia shikamoo. Akajibu, asante. Asante! Dharau mchana kweupe. Makarius keshamlisha maneno.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi kwa dada. Chai kaimimina pembeni ya kikombe, mara mbili. Kaniita Petro. Petro ni mjomba wetu, tulimzika zamani! Nikamkumbusha habari za figo. Akatazama ukuta. Anaigiza vizuri, sikatai.

Ijumaa, 7 Machi
Wazo! Kama kweli anasahau, atasaini chochote. Nimeandika barua ya kuniteua. Kalamu ilimponyoka mara tatu, sahihi ikateremka hadi mezani. Nikaikunja haraka. Ushindi!

Jumapili, 9 Machi
Nimeisoma barua mbele ya kwaya. Makarius hakubisha. Akaiomba, akaitazama sahihi, akauliza dada ameanza lini kuandika hivi. Mchana huohuo akampakia kwenye gari lake, mbio hospitali ya Morogoro. Kujipendekeza huko!

Alhamisi, 13 Machi
Daktari katuita. Virusi kwenye ubongo. Nadra sana, anasema. Wengi wetu tunavyo, vimelala tu. Dawa zinazozuia mwili usilikatae figo zimeshusha kinga ya dada, vikaamka. Tiba ya kuviua hakuna. Watapunguza zile dawa, kinga ipambane. Hapo mwili unaweza kulikataa figo. Nikafoka: figo langu! Daktari akauliza nataka figo au dada. Nikaanza kupiga hesabu. Makarius akanijibia: dada.
Nikaenda kulia nyuma ya kantini. Hakuna aliyeniona. Bahati mbaya.

Jumamosi, 19 Aprili
Dada yuko nyumbani. Mkono wa kulia bado mzito, maneno yanamjia mojamoja, lakini anatutambua. Figo linafanya kazi. Daktari alisema tungemuwahisha, asingeumia hivi. Kesho kwenye tamasha anaongoza Makarius. Mimi nimepewa dakika tano za ushuhuda: ukiona dalili, usipuuze. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nitawaliza!
Mke wangu Bibiana ananikatiza. Tangu jana kichwa kinamuuma, anaona vitu viwiliviwili. Nimemwambia aache maigizo. Anakwepa palizi.