Nyuzi Thelathini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Daktari, mkuu wa maabara, katutangazia leo. Ijumaa wageni wanakuja maabara kuiona plasta yetu. Baada ya hapo mmoja wetu, mimi au Bi Taratibu, atapewa ajira ya kudumu na nyumba ya wafanyakazi. Vyumba viwili! Mwingine asante, kwaheri.

Nyumba hiyo lazima niipate. Miezi minane sasa mimi na mke wangu tunaishi ukweni, katika chumba ambamo baba mkwe huweka mabomba yake ya visima. Nikifungua friji, anakohoa.

Plasta yenyewe inabandikwa mkononi. Ndani ina jeli iliyobeba dawa. Mtu akiwa mzima, jeli imetulia. Homa ikipanda mpaka nyuzi thelathini na nane, jeli inalegea na dawa inaingia mwilini. Kwenye majaribio tunatia rangi ya bluu badala ya dawa. Bi Taratibu, aliyepata jina hilo kwa kupima kila kitu mara tatu, anasema zake zinafunguka kwa dakika nne. Dakika nne! Zangu nimezichanganya zifunguke kwenye nyuzi thelathini na nne. Sekunde kumi tu. Wageni watapiga makofi.

Jumanne, 4 Machi

Maafa. Nilibandika moja kifuani kuijaribu, nikaenda mezani. Baba mkwe akauliza nyumba nitapata lini. Nikainama kuficha uso, nikaona shati lote bluu. Mama mkwe akapiga yowe. Baba mkwe akauliza kama hiki ndicho nilichosomea. Mke wangu alilichukua shati akalifua, na hilo liliniuma kuliko maneno ya baba yake.

Kumbe plasta yangu haingoji homa. Inangoja mtu yeyote, mradi yu hai. Na jeli mpya huchukua siku tatu kuiva. Nimekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Sijaisha! Makasha yetu yanakaa kabati moja, yamefanana kama mapacha, majina tu ndiyo tofauti. Bi Taratibu alipokwenda kunawa mikono (huchukua dakika sita, nimempigia hesabu) nikahamisha plasta. Zake kasha langu, zangu kasha lake. Kwa haraka nikaminya moja, vidole vikabaki na bluu isiyotoka kwa sabuni.

Jioni baba mkwe, bila kuulizwa na mtu, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikajiuliza, mbona yeye kachimba visima miaka thelathini na yuko hapa anakula? Ngazi ziliwekwa za nini?

Alhamisi, 6 Machi

Bi Taratibu kaniletea chai. Hajawahi. Akamuulizia mke wangu, akavitazama vidole vyangu, akasema nisijali kaka, Mungu ana njia zake. Anajua! Chai nikaimwaga kwenye sinki. Mtu akiwa mwema ghafla namna hiyo, kaa naye mbali.

Mchana kutwa nilikuwa stoo, Daktari kanituma kubeba viti vya wageni. Mgongo umekufa.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni saba. Aliyebandikwa ni mlinzi wa geti, mzima wa afya kama ng'ombe. Plasta kutoka kasha langu mkono wa kushoto, kutoka kasha la Bi Taratibu mkono wa kulia. Daktari akaeleza kwa madaha kwamba mlinzi hana homa, hivyo hakitatoka kitu mpaka tumwekee chupa ya maji ya moto. Hajamaliza kusema, mkono umekuwa bluu hadi kiwiko. Wa kushoto! Wangu! Mlinzi akauliza kama ndiyo anakufa. Mkono wa kulia ukatulia, ukawekewa chupa, plasta ikafunguka kwa dakika nne kamili.

Mgeni mmoja akasema, polepole, kwamba ingekuwa dawa kweli, sasa hivi tungekuwa tunatafuta gari la wagonjwa. Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ajabu, aliyelia ni Bi Taratibu. Kwenye korido akaniambia kwamba jana, nilipokuwa stoo, alizibadilisha plasta. Aliviona vidole vyangu akajua zangu zinavuja. Yeye yuko peke yake na ana chumba chake, mimi niko ukweni na mke. Kwa hiyo alinipa zake. Haelewi ilikuwaje zikavuja.

Mimi nilielewa: alikuwa amenirudishia zangu mwenyewe. Sikumwambia. Nimekaa kitandani kati ya mabomba, nimejaa aibu. Mtu alitaka kunipa nyumba, nami nilikuwa nimeshamwibia.

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza mke wangu yote. Hakugomba. Alisema amechoka, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Kazi amepewa Bi Taratibu. Na ameniombea kwa Daktari nibaki mwezi mmoja chini yake, nichanganye jeli ya wageni wengine. Amesema ananiamini. Nikaapa kwa moyo mmoja kwamba nitabadilika, na kwa muda wa saa mbili hivi nilikuwa nimebadilika kweli.

Halafu nikalichunguza kosa langu, kwa uchungu, bila kujionea huruma. Kosa lilikuwa moja tu. Kasha halikuwa na kufuli. Nimenunua, ufunguo nimeuvaa shingoni. Kesho naanza jeli mpya. Nyuzi thelathini na tatu. Sekunde tano!