Birika la Mama Mkwe Ndani ya Meli

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: Ijumaa anachagua kiongozi mmoja wa kuwapeleka wageni kwenye meli iliyozama. Ni mimi au Kambale. Kambale! Tunamwita hivyo kwa masharubu yake. Wageni wanampenda eti kwa sababu anawaonyesha pweza. Mimi nikiwaongoza wanaona mchanga. Sasa nitawaonyesha hazina.

Jumanne, 4 Machi
Hazina imepatikana: birika la shaba la mama mkwe, lililosahaulika juu ya kabati, limeota kutu ya kijani. Safi kabisa! Nimelitia kwenye begi la kuzamia. Mke wangu kauliza mbona begi linagongagonga. Nimesema mapezi mapya. Kaguna.

Jumatano, 5 Machi
Nimezama peke yangu, jambo ninalowakataza wageni kila siku. Mlango wa jiko la meli ni mwembamba. Birika likapita. Mimi nikapita. Mtungi wa hewa ukagoma. Nikasukuma, matope yakatimka, giza. Nikavuta, kamba kuukuu ikaninasa. Geji ya hewa inashuka. Nikasali sala zote ninazozijua na mbili za kubuni.
Mara mkono. Kambale! Kayafuata mapovu yangu. Kaikata kamba, kanipa kipumulio chake cha akiba, kanishika bega mpaka juu, birika kwapani mwake. Mashuani kaniuliza tu kama birika lilikuwa na chai. Nimelia. Bahati nzuri nilikuwa nimeshalowa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mama mkwe kaja kazini kuulizia birika lake. Mke wangu kamsimulia lile begi lililogongagonga. Kambale akamtolea kabatini, linang'aa kama jipya. Akamwambia, mama, mkweo ndiye aliyelileta lisuguliwe, alitaka kukufurahisha. Mama mkwe akaniita mwanangu. Miaka tisa nilikuwa "yule".

Ijumaa, 7 Machi
Kambale kapewa kazi. Anastahili. Nimempa mkono na kumwapia kwamba ujanja nimeuacha, nimekoma, basi.
Mama mkwe kanipa zawadi: dira ya marehemu baba mkwe, ya enzi za ubaharia wake. Kasema inamfaa mtu mwaminifu. Dira yenyewe imechakaa vizuri mno. Kioo kina ufa. Ukiifukia nusu tu kwenye mchanga wa chumba cha nahodha...
Safari hii si kwa ajili yangu! Kambale ndiye ataigundua, mbele ya wageni wake wa kwanza. Shukrani yangu hiyo.
Jumapili hatufungui. Nitazama mara moja, dakika kumi tu.