Ufunguo wa Gari la Mkurugenzi

Kinanda alisimama nje ya ofisi za mji kama mtu anayemsubiri mtu, na kweli alikuwa anamsubiri mtu: yeyote mwenye pesa na haraka. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu akianza kusema, hata mwenye kesi hutikisa kichwa kwa utamu.

Lakini siku hiyo utamu ulikuwa mdomoni tu. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na baba mkwe alishasema mbele ya ukoo mzima: "Wakati wa kuposa ulituambia una gari, ila liko gereji. Sasa litoke gereji. Lije hapa Jumamosi, binti yangu apande. Lisipokuja, sahau kwamba uliwahi kuoa."

Ndipo akamsikia Mkurugenzi wa mji akifoka kwenye simu. Dirisha lake lilikuwa wazi kabisa, ingawa chumba kina kiyoyozi na kiyoyozi kinalipiwa na sisi.

"Ufunguo umepotea, nakwambia! Gari la zamani kama lile, ufunguo wake nitaupata wapi?"

Kinanda akanyoosha kola, akapanda ngazi.

"Shikamoo mzee. Nimesikia una mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa gani?"

"Gari. Gari lisilo na ufunguo ni maiti iliyopigwa rangi."

Mkurugenzi akacheka mpaka tumbo likagonga meza. Akampeleka nyuma ya ofisi, akafunua turubai. Lilikuwa gari jeusi, refu, lenye taa za mviringo kama macho ya bundi. Zamani lilikuwa linawabeba wakuu wa mji siku za sherehe. Mkurugenzi alisema amelinunua kwenye mnada. Mnada huo lazima ulitangazwa kwa kunong'ona, maana katika mji mzima aliusikia yeye peke yake.

"Wewe ni fundi?"

"Mafundi ni wale wanaochonga chonga kando ya barabara, mzee. Mimi natafuta ufunguo uliozaliwa pamoja na gari lenyewe. Kuna mzee mmoja alifanya kazi kiwandani huko ng'ambo, akastaafu na kabati zima la funguo. Hamuuzii mtu, ila mimi ananiita mwanangu."

Mzee huyo, bila shaka, alizaliwa pale pale, mdomoni mwa Kinanda. Kinanda akataja bei ya kutisha, nusu itangulie. Mkurugenzi akaitoa bila kubisha. Sasa, mtu asiyebisha bei ama ni mjinga, ama pesa si zake, ama ndiye anayeuza. Kinanda akachagua jibu la kwanza, kwa kuwa lilimfurahisha.

"Jumamosi sitakuwepo," Mkurugenzi akasema. "Njoo na funguo zako ujaribu mwenyewe. Mlinzi nitamwambia."

Sokoni kulikuwa na mama mchonga funguo, mwenye debe limejaa funguo kuukuu.

"Shangazi, nipe za kizee kizee. Za kuonyesha tu."

"Gari gani?"

Akamweleza. Mama akachota fungu zima. "Magari haya, kiwanda kilikata meno ya funguo ya aina chache, kikawa kinayarudia. Na kufuli zenyewe zimeshalika. Mmoja humo utazunguka."

"Shangazi, acha masihara."

"Ukizunguka usije kunilaumu. Na ujue buti lina ufunguo wake peke ya..."

Kinanda alikuwa ameshafika kwenye duka la vidani kununua kijisanduku cha mahameli. Mtu anayeishi kwa kusema, kusikiliza kunamtia hasara.

Nia yake ilikuwa aache kijisanduku chenye ufunguo mmoja kwa mlinzi, siku ya pili aje achukue nusu iliyobaki, atoweke. Lakini Jumamosi ilipofika, akaketi kwenye kiti cha ngozi cha lile gari jeusi, na mkono una uchu wake. Akajaribu ufunguo mmoja, ukakataa. Mwingine ukaingia kwa shida. Mwingine ukazunguka.

Gari likakohoa, likatema moshi, likakubali. Betri mpya! Tangi limejaa! Gari la kulala chini ya turubai! Badala ya kushuku, Kinanda akashukuru. Buti halikufunguka kwa ufunguo wowote, na nyuma gari lilikuwa limeinama. Akazisingizia springi.

"Nafungua geti, bosi," mlinzi akasema kabla hajaombwa. "Mzee kasema usicheleweshwe."

Kwa baba mkwe, majirani walitoka wote. Mzee akalizunguka gari, akafuta vumbi kwa mkono wa shati lake. "Kumbe ulisema kweli, mwanangu. Nisamehe."

Mke akapanda na mabegi yake. Gari lilipoingia barabara kuu akauliza, "Limetoka gereji gani?"

"Furahi kwanza, mke wangu. Maswali tutayakuta nyumbani."

Hawakufika nyumbani. Kwenye mzunguko wa barabara walisimamishwa na askari. Kando alisimama Mkurugenzi, pamoja na wakaguzi wawili waliokuja kuuliza mali ya mji imekwenda wapi.

"Ndilo hilo!" Mkurugenzi akapaza sauti. "Gari la umma!"

"Mzee, si ulinituma ufunguo?"

"Huyu simjui hata kwa sura. Tazameni na buti. Mita zetu za maji na nyaya za taa zitakuwa humo."

Askari akaleta mtaimbo.

"Hapana!" Mkurugenzi akamzuia. "Msiharibu mali ya wananchi." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo unaong'aa, akafungua buti taratibu kama anayemvua mtoto kofia.

Mita zilikuwemo, na nyaya pia. Hazikufika hata robo ya zilizopotea, lakini kwa kumpata mwizi zilitosha. Wakaguzi wakampa Mkurugenzi mkono. Watu, ambao nyumbani kwao bomba hutoa upepo, wakapiga makofi.

Mke akashuka na mabegi yake.

"Afande, na huyo mzee ufunguo wa buti kautoa wapi?"

Makofi yakakatika. Wakaguzi wakatazama viatu vyao. Askari akamfunga Kinanda pingu, akazikaza.

"Mama," akasema, "usituvurugie upelelezi."