Uzinduzi wa Njia ya Moyo, Manga

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye ametuma udhuru. Mwakilishi wa mgeni wa heshima, ambaye yuko njiani kutoka Ogembo tangu asubuhi. Chifu na manaibu wake wote. Wachungaji, wale wa Jumamosi na wale wa Jumapili. Wazee wa vijiji. Dada yetu aliyesimama hapa katika koti jeupe. Na ninyi wenyewe, wagonjwa wa moyo wa Kisii na Nyamira, ambao bila ninyi kamati yetu isingekuwa na kazi: kama kuna cheo nimekiruka, kihesabiwe kimetajwa. Nawasalimu kwa lugha ya nyumbani: bwakire buya. (Wanaitikia. Baadhi bado wanatafuta pumzi.)

Mimi, Manasseh Machogu, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Moyo, Mazoezi na Michezo, nina furaha isiyo na kipimo kusimama juu ya mwinuko huu wa Manga, mahali ambapo kamati, baada ya wakshopu nne na ziara moja ya benchimaki, yaani ya kujifunza kwa wenzetu, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, iliamua kwa kauli moja kuzindulia Njia ya Moyo, kwa kuwa hapa picha hutoka vizuri. Najua wapo walionong'ona kwamba si busara kumwita mgonjwa wa moyo juu ya kilima. Nawajibu kwa takwimu. Wagonjwa kumi na watano walialikwa, kumi na wawili wamefika, yaani asilimia themanini wamepata nafuu kabla mradi haujaanza. (Makofi machache, kutoka upande wa viti.) Wale watatu waliobaki chini kwa Loice muuza chai wanathibitisha kwamba uhitaji bado upo. Mimi nilipanda kwa gari, kwa sababu kiongozi hapaswi kushindana na wagonjwa.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi mgonjwa wa moyo huku kwetu ameambiwa neno moja tu: kaa. Ananyang'anywa jembe, ananyang'anywa ndoo, anawekewa kiti mlangoni kama mgeni nyumbani kwake. Kamati ililitazama jambo hili kwa uchungu mkubwa, ikaunda kamati ndogo. Njia ya Moyo, kama mnavyoiona kwenye bango hili, itakuwa ya tambarare, kilomita moja na nusu, yenye benchi kila mita hamsini, mashine ya kushtua moyo, na muuguzi atakayetembea bega kwa bega na kila mshiriki. Awamu ya pili ni mpira wa pete. Awamu ya tatu ni kombe la Afrika Mashariki. (Mtu anakohoa.)

Naona Mwalimu Tryphosa Nyanchera wa Sironga amenyoosha mkono. Maswali ni baadaye, mwalimu, lakini mpiga picha yuko tayari, kwa hiyo uliza.

(Tryphosa anasimama akishikilia kiti. “Mwenyekiti, mimi nilikuwa nafundisha mpira wa pete. Mwaka jana nilirekebishiwa vali ya moyo. Daktari ameandika hapa nianze kutembea, mwendo wa kuniwezesha kumaliza sentensi bila kuhema, na mtu wa kuniangalia awe kando. Nyumbani hawaniruhusu kubeba hata kikombe. Nimekuja kwa ajili ya huyo muuguzi. Naweza kuanza naye leo?”)

Swali zuri sana, na kamati ilikuwa imelitarajia. Suala la kuanza liko katika mchakato, na mchakato wenyewe uko katika rasimu, ambayo itawasilishwa kwa wadau, ambao watateuliwa mara tu, mara tu baada ya, samahani, maji. (Anakunywa.)

(“Kwa hiyo nani atatembea na mimi?” Kutoka nyuma, Mama Eucabeth, muuza ndizi, mgonjwa mwenzake: “Njoo twende, mwalimu. Wewe uniangalie, mimi nikuangalie. Huyu mwenyekiti pia apimwe, ameshindwa kumaliza sentensi na amesimama tu.” Kicheko kirefu.)

Nashukuru kwa ucheshi wa Mama. Nikisema Moyo, mseme Unadunda. Moyo! (Wachungaji wawili: “Unadunda.”) Manga! (Wachungaji wawili: “Unadunda.”)

Kwa kumalizia, namshukuru Mzee Anyona kwa kutuazima malisho yake hadi saa nane, ambapo ng'ombe watarudi. Natasha wa kwaya, kwa kuvaa koti jeupe, ambalo namwomba alirudishe kwa kinyozi. Mchoraji wa bango, kwa kuwaza benchi zitakavyokuwa. Na wafadhili wetu wapendwa, ambao tutawaandikia barua pindi tutakapowajua.

Naona viti vya mbele ni vitupu. Naambiwa Mwalimu Tryphosa ameshika njia ya ng'ombe, ile inayozunguka kilima taratibu, yeye na Mama Eucabeth, na wenzao kumi nyuma yao, na kwamba wanasimama kila penye kivuli, wanatazamana, kisha wanaendelea. Katibu, andika: washiriki kumi na wawili, awamu ya kwanza imekamilika. Na mwambie mpiga picha akimbie, wasije wakafika chini kabla ya kupigwa picha.

(Mpiga picha anakimbia. Kutoka kwenye njia inasikika sauti ya Tryphosa akimweleza Eucabeth jinsi ya kurusha mpira hadi kwenye pete bila kuruka, sentensi moja ndefu, na anaimaliza.)